Kutoka sandarusi hadi vanishi ya kopo: mbao zetu tuzipake nini?

Kila mmoja wetu anapohamia nyumba nyingine huku ughaibuni, swali huwa lile lile. Huyu kanunua nyumba ya zamani Leicester, kafunua zulia kuukuu na kukuta chini yake mbao za msonobari zilizochakaa. Yule wa Muscat karithi sanduku la njumu la bibi yake, na mfuniko wake umejaa alama nyeupe za vikombe vya chai. Mwengine wa Minneapolis kanunua meza ya mtumba, nzuri ya kupigiwa mfano, ila imechubuka pembe zote nne. Wote watatu huenda dukani, wakakuta makopo safu kwa safu, na kila kopo limeandikwa kuwa ndilo gumu kuliko mengine yote. Hakuna kopo lililoandikwa: siku ukikwaruza, hivi ndivyo utakavyotengeneza.

Tumeona tusiwajibu kwa jina la kopo bali kwa historia, kwani historia yenyewe imepita kwetu. Katika karne ya 19, mojawapo ya vanishi ngumu kabisa zilizouzwa Ulaya na Marekani ilipikwa kwa kitu kilichofukuliwa ardhini katika pwani yetu ya Mrima.

Kitu hicho ni sandarusi. Msandarusi ni mti wa pwani, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa, nao humea Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wakikiita Bukini. Ukijeruhiwa hutoa utomvu unaoganda ukawa kama kioo cha manjano. Utomvu mbichi ni laini na bei yake ilikuwa ndogo. Uliotafutwa na wafanyabiashara ni ule uliodondoka zamani sana, ukafukiwa na mchanga na kukomaa chini kwa chini, mara nyingi mahali ambapo mti wenyewe haukuwapo tena. Wachimbaji, wengi wao Wazaramo na majirani zao wa bara ya karibu, waliufukua kwa jembe na kuuteremsha mizigo kwa mizigo hadi miji ya pwani. Huko ulinunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi na kuvushwa Unguja, ambako kwa miaka mingi ushuru wa forodha ulikusanywa na nyumba ya Jairam Shivji.

Richard Burton, aliyepita njia hizo mwaka 1857, aliandika kuwa wenyeji waliutofautisha utomvu mbichi kwa kuuita chakazi. Wazungu wa biashara hawakuliweza neno hilo, wakaligeuza kuwa 'jackass', yaani punda, na hivyo katika vitabu vya bei vya London ikaingia sandarusi ya punda. Hatujui kama kuna neno jingine la Kiswahili lililopata bahati mbaya kiasi hicho. Sandarusi iliyokomaa nayo, ikishaoshwa na kuvuliwa gamba lake la udongo, huonekana imejaa vipele vidogo vidogo, na wanunuzi waliuita uso huo ngozi ya bata bukini. Vipele hivyo ndivyo vilivyokuwa cheti cha ubora: visipokuwapo, bei ilishuka.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa Salem, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan ulitiwa saini tarehe 21 Septemba 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawasili Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Meli zao zilileta kitambaa cha pamba cha viwanda vya kwao, ambacho mpaka leo tunakiita merikani, na zikirudi zilibeba pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Salem kulikuwa na kiwanda cha kuioshea sandarusi hiyo kwa maji ya magadi. Na jahazi la Sayyid, Sultana, lilipotia nanga New York mwaka 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, sandarusi ilikuwamo katika shehena yake. Ndugu zetu wa Boston wanaweza kufika Salem kwa treni kwa muda wa nusu saa hivi. Jumba la makumbusho la Peabody Essex limetokana na chama cha manahodha kilichoanzishwa hapo mwaka 1799, na mtu wa pwani akiingia mle hawezi kujiona mgeni sana.

Sasa, vanishi yenyewe ilipikwaje? Sandarusi iliyokomaa haiyeyuki katika mafuta hivi hivi. Ilitiwa katika sufuria ya shaba na kupashwa moto kupita digrii 300 za Selsiasi, ikitoa moshi mkali na kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, mpaka ikawa ugiligili. Hapo ndipo yalipomiminwa mafuta ya kitani yaliyochemka, na ilipopoa kidogo ikazimuliwa kwa tapentaini. Mpishi aliyechelewa dakika chache aliharibu sufuria nzima, na aliyefanya haraka aliweza kuunguza kiwanda. Vanishi ikiwa tayari iliwekwa mapipani miezi mingi ili itulie kabla ya kuuzwa.

Ilitumika zaidi kwenye magari ya farasi ya matajiri, kwa sababu gari hukaa juani, mvuani na katika matope. Fundi alipaka mkono baada ya mkono, akisugua kila mmoja kabla ya kupaka unaofuata, na kazi ya gari moja iliweza kuchukua wiki kadhaa. Lakini jambo ambalo sisi tunaliona muhimu ni jingine. Pamoja na ugumu wote huo, hakuna aliyedhani kuwa kazi imekwisha moja kwa moja. Mwenye gari alijua kuwa baada ya muda atalirudisha kwa fundi, utando wa juu usuguliwe na kupakwa upya. Marekebisho yalikuwa sehemu ya bei tangu mwanzo.

Na tajiri huyo huyo aliyepaka sandarusi kwenye gari lake hakuipaka kwenye meza yake ya chakula. Mezani alitaka kitu kingine, nacho kilitoka Bara Hindi. Kuna mdudu mdogo wa huko, anayeishi juu ya matawi ya miti, ambaye hujijengea ganda la utomvu. Ganda hilo hukwanguliwa, likayeyushwa na kusafishwa, likawa vipande vyembamba vya rangi ya asali. Kwa Kiswahili tunalo neno lakiri, ile nta nyekundu ya kupigia muhuri barua na vifurushi, ambayo asili yake ni ganda hilo hilo. Ukiliroweka katika spiriti huyeyuka lote, na ukilipaka kwa kitambaa kilichofungwa pamba ndani, mkono mwepesi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, hupata mng'aro ambao mwanzoni mwa karne ya 19 ulienea Ulaya nzima kwa jina la polishi ya Kifaransa. Mafundi seremala wengi wa Mombasa na Dar es Salaam wameitumia kwa jina hilo hilo.

Lakiri hii ina udhaifu wake, na ni haki usemwe. Kikombe cha moto huacha duara jeupe. Tone la manukato lenye spiriti hula uso. Lakini kile kinachoiharibu ndicho kinachoitengeneza: spiriti huilainisha hata baada ya miaka 100, na lakiri mpya ikipakwa juu ya kuukuu huungana nayo zikawa kitu kimoja. Fundi hana haja ya kuvua kila kitu. Anashughulikia pale palipoharibika, na akiwa hodari huwezi kuonyesha mpaka.

Tukiwa bado katika lakiri, tusiwasahau wapenzi wa taarab. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri zilizotoka zilikuwa za mchanganyiko wa ganda hili la mdudu na unga wa mawe. Ndiyo maana santuri za zamani ni nzito na huvunjika kama sahani zikianguka. Sauti yake ilitufikia ikiwa imechorwa katika kitu kile kile kilichong'arisha meza za mabwana.

Mbali na vanishi na lakiri kuna njia ya tatu, kongwe kuliko zote mbili, nayo ni mafuta. Watu wa majahazi wanaijua vizuri. Ubao wa jahazi juu ya maji ulipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Chini ya maji ilipakwa shahamu pamoja na chokaa. Hakuna nahodha aliyetafuta sifa ya kupaka mara moja tu. Chombo kilipandishwa pwani, kikapakwa, kikarudi majini, na msimu mwingine hivyo hivyo. Kwa mtu wa ardhini jambo hilo laonekana usumbufu, lakini ubao ulioonekana na kuguswa kila msimu haukupata nafasi ya kuoza kwa siri.

Hapa inabidi tutoe tahadhari moja, kwa kuwa tumeliona kosa hili katika nyumba nyingi za Waswahili, kuanzia Milton Keynes hadi Sharjah. Mafuta ya nazi hayafai. Yanang'arisha kwa siku chache, kisha yanabaki yale yale, yananata vumbi na mwisho yanavunda. Si kila mafuta hukauka. Mafuta ya kitani na mafuta ya mti wa tung wa Uchina hushika hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu ndani ya vinyweleo vya ubao, na hiyo ndiyo maana ya kukauka kwake. Mafuta ya nazi na ya zeituni hayana tabia hiyo hata uyaanike mwaka mzima.

Tukirejea sandarusi yetu, ilipinduliwa na nini? Kwanza na washindani wa utomvu wenzake: kauri ya New Zealand, kisha sandarusi ya Kongo, ambayo wakati wa utawala wa Wabelgiji watu wa Equateur waliitafuta katika vinamasi kwa kuchoma matope kwa fimbo za chuma. Halafu ikaja kemia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ilileta laka ya nitroselulosi, iliyopulizwa kwa bomba na kukauka kwa muda mfupi, na viwanda vya magari vilivyokuwa vikingoja wiki nzima rangi ikauke vikaikimbilia. Watengenezaji wa samani wakafuata. Mwaka 1937 huko Leverkusen, Ujerumani, Otto Bayer na wenzake wakagundua poliyurethani, na katika miongo iliyofuata baada ya vita kuu ya pili ikawa ndiyo vanishi ya sakafu katika nchi nyingi tunazoishi leo.

Tusiidharau poliyurethani. Haiogopi maji wala spiriti, haiogopi kikombe cha moto, na watoto wanaweza kuburuza viti juu yake miaka kadhaa. Tatizo lake linaanza siku inapokwaruzika hadi kwenye ubao. Ikishakauka hakuna kimiminika cha kawaida kinachoilainisha tena, kwa hiyo tabaka jipya haliungani na la zamani kama lakiri inavyoungana. Linashika tu kama limesuguliwa msasa kwanza, na kiraka huonekana. Njia anayoipenda fundi wa sakafu ni kuleta mashine, kukwangua chumba kizima na kuanza upya. Na kila mashine ikipita inakula ubao. Sakafu ya mbao nzima inavumilia mara kadhaa. Hizi mbao za tabaka zinazouzwa sana siku hizi, zenye ganda jembamba tu la mti mzuri juu, huvumilia mara moja au haivumiliki kabisa. Kwa maneno mengine, ugumu wa miaka 10 unaweza kulipwa kwa ubao wenyewe.

Tuseme kidogo juu ya neno sakafu, maana wengine hushangaa kwa nini sisi Waswahili tuna shida na jambo hili. Sakafu ya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ilikuwa ya chokaa na kokoto, imelazwa juu ya boriti na kupondwa kwa magongo huku watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Ubao ulikuwa wa milango, vitanda, masanduku na vyombo vya baharini. Kutembea juu ya ubao nyumbani ni jambo tulilolikuta huku. Lakini tulikuja na desturi moja inayoshinda vanishi zote: viatu tunavua mlangoni. Kinachomaliza sakafu ni mchanga unaoingia na soli. Kule Versailles sakafu za mbao zilipakwa nta, na wasuguaji waliofunga brashi miguuni wakazisugua chumba hadi chumba, kwa sababu waungwana hawakuvua viatu. Nyumba isiyoingia viatu inaweza kuridhika na kitu chepesi zaidi kuliko anachokisema muuza duka.

Kwa hiyo wale ndugu watatu tungewaambia hivi. Mwenye sakafu ya msonobari Leicester, ikiwa nyumba ni yake na viatu vinabaki mlangoni, apake mafuta yanayokauka, au yale mchanganyiko wa mafuta na nta ngumu yanayouzwa kwa ajili ya sakafu. Yatachakaa mapema zaidi njiani na karibu na sinki, lakini hapo hapo ataosha, atasugua kwa msasa laini na kupaka tena jioni moja, bila kuhamisha vitanda. Jikoni penye watoto na maji mengi hatutagombana naye akichagua poliyurethani, ila asisubiri ubao uonekane. Asugue kidogo na kuongeza tabaka wakati utando bado mzima. Aliyepanga asifanye lolote bila idhini ya mwenye nyumba, hilo halina haja ya maelezo.

Meza ya Minneapolis haitaji kuvuliwa kabla ya kuulizwa. Adondoshe tone la spiriti mahali pa siri, chini ya ukingo. Ikilainika na kunata, ni lakiri, na fundi anaweza kuirudisha bila kuikwangua. Isipolainika kwa spiriti lakini ikalainika kwa thina ya laka, basi ni ile nitroselulosi ya viwandani, ambayo nayo inapokea matengenezo. Isipojali chochote kati ya hivyo viwili, ni vanishi ya mafuta iliyokomaa au poliyurethani, na hapo ndipo msasa unapofikiriwa.

La sanduku la njumu ndilo linalotuumiza zaidi. Tumeona masanduku ya zamani ya mti wa msaji yaliyopelekwa kwa mafundi wa hapa na pale yakarudi yanameta kama plastiki, njumu zimefunikwa vanishi, alama za mikono ya watu watano wa ukoo mmoja zimeondoka na msasa. Mwenye sanduku analipa fedha nyingi, na anachorudishiwa hakirekebishiki tena bila kukwanguliwa mara ya pili. Msaji una mafuta yake wenyewe, kwa hiyo vanishi nzito huweza kubanduka. Sanduku la namna hiyo halitaki zaidi ya kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kukaushwa, na kupakwa nta ya nyuki mara moja au mbili kwa mwaka. Yale maduara ya chai, ikiwa juu kuna lakiri, huondoka kwa kitambaa kilichogusishwa spiriti kidogo tu na kupitishwa haraka. Kazi hiyo anaifanya mjukuu mwenyewe. Mpingo nao hivyo hivyo, nta inautosha, tena mafuta ya kitani hukawia sana kukauka juu yake.

Limebaki moja, na si dogo. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Ubaoni joto hilo hupotea hewani, lakini katika kitambaa kilichokunjwa na kutupwa kwenye rundo hujikusanya mpaka kitambaa kikawaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Tarehe 23 Februari 1991 huko Philadelphia, vitambaa vya namna hiyo vilivyoachwa na mafundi waliokuwa wakipaka mbao za ukutani viliwasha moto katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza. Moto uliwaka zaidi ya saa 18, ukapanda hadi ghorofa ya 30 ambako ulikutana na mabomba ya maji ya dari, na wazimamoto watatu walikufa. Basi ukimaliza kupaka, kila kitambaa kitandaze peke yake nje mpaka kikauke na kuwa kigumu, au kitie katika kopo la bati lenye maji na ulifunike. Usikiache jikoni mpaka asubuhi.